Unga Chini ya Kihenge

Mtu mmoja alikuwa na saratani ya damu, ile ya polepole, inayokaa na mtu miaka kama mpangaji asiye na kelele. Jina lake Lwitiko, muuza mahindi. Daktari alimwambia maabara wanapima protini fulani kwenye damu yake. Ikiwa nyingi, ugonjwa una mbio, dawa zianze mapema. Ikiwa kidogo, aachwe ale ugali wake kwa amani. Majibu yakatoka. Lwitiko hakwenda kuyasikia. Kila akikumbushwa, ana safari nyingine.

Akawa anashinda kwa dada yake Atupele, kwenye nyumba ya marehemu mama yao, kakaa karibu na kihenge kitupu, kile cha kuhifadhia mahindi, anakumbuka kwa sauti. Enzi zile kihenge kinajaa mpaka kinatapika. Asubuhi mama anajifunga kanga kiunoni, anainama, anachungulia chini yake. Ukiona unga umedondoka pale, ujue mdudu dumuzi yuko ndani anatafuna. Unga ukiwa kiduchu, mama anaimba, anaenda zake shamba. Ukiwa rundo, watoto wote wanaitwa: shusheni mahindi, anikeni, pukuchueni, yaende mashineni leo leo! Jamani, siku zile. Harufu ya mahindi juani, na mama anacheka, mikono myeupe unga mpaka viwikoni.

Mwaka mmoja mama alienda msibani mbali, kihenge akamwachia Lwitiko. Kijana akauona unga, roho ikamruka. Akaufagia. Kesho yake akafagia tena. Chini safi, moyo freshi. Mama aliporudi akafunua kihenge, akakuta magunzi na pumba. Hakumpiga. Alikaa tu chini, ameshika kifuniko. Msimu ule walikula mihogo ya kuomba.

Atupele akamtazama kaka yake, akasonya.

"We kaka, mihogo yote ile niliyokula kwa ajili yako, na bado una ufagio mkononi? Unga haujawahi kula mahindi. Anayekula ni dumuzi."

Lwitiko akacheka, cheko la mama kabisa, huku machozi yanamlengalenga. Kisha akasimama, akakung'uta suruali, akamwomba dada yake amsindikize hospitali.

Alichoambiwa kule, kiduchu au rundo, hicho ni chake na daktari wake. Wewe je, asubuhi ya leo umefagia nini kabla hujakiangalia?