Kikombe cha Bati cha Fundi Mgaya

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya mvua za juzi tu, kwenye vilima vya baridi vya Njombe aliishi fundi baiskeli aitwaye Mgaya. Mgaya alikuwa na kikombe cha bati chenye mshikio wa waya. Kikombe hicho kilikunywa pombe ya ulanzi nyingi kuliko mianzi yote ya bonde ilivyotoa. Mnacheka? Mimi nimekishika kwa mkono huu.

Mgaya alikunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka. Alikunywa mchana kwa sababu alikunywa asubuhi. Gurudumu la mbele alilifunga nyuma, la nyuma akalisahau kilabuni. Siku moja akamwona binti yake, Tuli, akivuka barabara ili asikutane naye. Iliuma. Akaenda kunywa.

Mkewe, Sikudhani, akasikia kuna watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Wapi? Akauliza zahanati, wakamtuma kanisani. Akauliza kanisani, wakamtuma ofisi ya kata. Ofisi ya kata wakamwonyesha chumba, akaketi saa nzima akingoja ushuhuda, kumbe ni kikao cha wafuga nyuki! Akatoka anajua mizinga yote, mumewe bado mlevi. Hakukoma. Akauliza mpaka akapata: ghala la viazi, kila Alhamisi, saa kumi jioni.

"Baba Tuli, nimewapata!"

"Kwani nani alipotea?" akajibu Mgaya. "Mimi siendi kukaa na walevi."

Sikudhani akaenda peke yake. "Mtengeeni mume wangu msumari," akawaomba. Maana desturi ya pale ni hii: anayekuja kuacha huwanyooshea wenzake kikombe chake mwenyewe, bila neno, nao hukitundika kwenye msumari ukutani.

Alhamisi moja mchana Mgaya akaenda kwa Mama Mbilinyi, muuza ulanzi. "Shemeji, nijazie."

Mama Mbilinyi akafunika ndoo. "Kwangu basi. Juzi ulilala kwenye mvua mlangoni pangu, nikadhani nina maiti."

"Shemeji! Mimi si ndiye mteja wako mkubwa?"

"Ndiyo maana. Toka."

Nje akamkuta Kaduma, mnywaji mwenzake, mtu wa utani tangu tumboni. Kaduma alikuwa amesikia habari za ghala, akataka kucheka. "Mwanangu, unahangaika nini? Ghala la viazi leo wanagawa ulanzi mkali, bure! Nenda na kikombe chako tu."

Mgaya akatembea kama anafukuzwa na siafu. Akaingia ghalani, akakuta watu tisa wameketi juu ya magunia. Hakusalimu. Akanyoosha kikombe.

Watu tisa wakasimama. Wakapiga makofi! Dada Vumilia, mfyatua matofali aliyekuwa kiongozi wao, akakipokea kwa mikono miwili na kukitundika. "Karibu, kaka Mgaya. Tulikuwa tunakungoja."

Mgaya akatazama kikombe. Akatazama mlango. Akataka kusema, "Jamani, mimi nimefuata ulanzi." Lakini tangu lini mtu kampigia yeye makofi? Akavuta gunia, akaketi.

Wiki ya kwanza alitetemeka hadi wakampeleka zahanati. Mwezi wa tatu akateleza, akanywa, akarudi kichwa chini. Wakamsogezea gunia lilelile, wakaanza kuhesabu siku upya. Wakahesabu, wakahesabu, hadi ukatimia mwaka mzima. Siku hiyo Tuli alikuja ghalani ameketi nyuma ya baiskeli ya baba yake, na magurudumu yote mawili yalikuwa mahali pake. Sikudhani alikuwapo, na Mama Mbilinyi, na hata Kaduma.

Dada Vumilia akashusha kikombe, akakijaza chai ya maziwa. "Kaka, mpe aliyekuleta hapa. Kuanzia leo, kiu ikikuita, huyo ndiye utakayemkimbilia kwanza. Mmoja tu."

Sikudhani akasimama. "Mlango huu niliutafuta mimi, hadi kwa wafuga nyuki. Na msumari niliuomba mimi."

Mama Mbilinyi akasimama. "Ulimwita, hakuja. Mimi ndiye niliyefunika ndoo. Ningemjazia, angekuwa kwangu hadi leo."

Kaduma naye akasimama, ananuka ulanzi, ila hacheki. "Wewe ulimwita, akakataa. Wewe ulimfukuza, angekwenda kilabu kingine. Njia nilimwonyesha mimi."

"Kwa uongo!" akafoka Sikudhani.

"Kwa uongo, mama Tuli. Lakini miguu ilifika." Kisha akashusha sauti. "Halafu mimi sina mke wa kuniombea msumari. Mwanangu Mgaya, nipe hicho, na mimi nipate cha kunyoosha."

"Akupe wewe, kisha kiu ikimshika akufuate kilabuni?" akauliza Sikudhani.

"Nikijua atanifuata," akasema Kaduma, "itabidi asinikute kilabuni."

Mgaya akasimama katikati yao na kikombe kikitoa mvuke, kimejaa hadi ukingoni, na mikono ile iliyokuwa ikitetemeka haikumwaga hata tone. Akamtazama aliyemtafutia. Akamtazama aliyemnyima. Akamtazama aliyemdanganya. Mimi nimemaliza, na chai inapoa. Haya, ninyi mnaojifanya mna akili kunishinda: mngekuwa ninyi Mgaya, kikombe mngemkabidhi nani?