Kapu la Zafarani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kapu, kapu likajaa. Lilijaa nini?
Tuambie!

Hapo kale, utumwa ulipokwisha, alikuwapo mwanamke jina lake Zafarani. Bwana wake, Muhene, alimwacha huru yeye na mumewe, akawaonyesha pori. "Fyekeni. Mtakapolima ni penu." Akasema kwa mdomo tu.

Wakafyeka. Nyoka akamuuma mume, mume akafa, akazikwa papo hapo. Zafarani akaendelea kulima.

Muhene naye akafa, akaacha mjane, Bi Zuwena, na mwana, Suudi.

Kila mavuno Zafarani alimpelekea Bi Zuwena kapu la mpunga. Ujirani huo. Mwaka wa kwanza kapu likarudi na chumvi. Wa pili likarudi na tende. Wa tatu likarudi na sukari guru. Nanyi mwajua: chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Mpunga ukastawi. Suudi akauona, akaja.

"Zafarani, ondoka. Shamba letu hili."

"Lenu tangu lini, bwana mdogo? Lilipokuwa miiba mbona hamkulitaka?"

"Na lile kapu? Hiyo ndiyo kodi. Mwenye shamba halipi kodi."

Wakaenda kwa wazee wa mji. Zafarani akasema, "Ile ilikuwa zawadi. Nani amepata kulipa kodi akarudishiwa tende? Au Suudi naye ni mpangaji wangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwadhani ameshinda? Ngojeni.

"Muulizeni Bi Zuwena," akasema Zafarani. "Kapu lilirudije?"

Bi Zuwena akaletwa. Akamtazama Zafarani. Akamtazama mwanawe. Akatazama chini.

"Lilirudi tupu."

Basi. Mnyonge hana haki. Shamba likawa la Suudi, na mpunga uliosimama, na kaburi.

Asubuhi Zafarani akaenda kaburini kwa mumewe. Akachota udongo, akajaza kapu, akajitwika mpaka kwa Bi Zuwena.

"Hodi, Bi. Nimeleta la mwisho. Nitakuwa kwa dada yangu, ng'ambo ya mto. Kapu utanirudishia."

Akaenda zake.

Bi Zuwena akaketi mbele ya kapu. Atie nini? Chumvi? Haitoshi. Tende? Hazitoshi. Sukari guru? Haitoshi. Suudi akataka kuumwaga ule udongo. Mama akamshika mkono.

Bi Zuwena akafa kapu likiwa mlangoni.

Ngano yangu imekomea hapo. Kapu halijarudi hata leo. Mwenye cha kutia, na atie.