Galoni ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko yao na masufuria yao, Nguchiro na Nyati walikuwa majirani. Wote wawili walifuga mbuzi.

Kiangazi kilipokaza, walianza upatu wa maziwa. Mwenye zamu alisukasuka maziwa yake yote apate samli, na siku hiyo familia yake ilikunywa lita nne kutoka kwa jirani.

Nyati alipima kwa jagi la lita. Moja, mbili, tatu, nne, kila moja mpaka ukingoni. Zamu ya Nyati ilipofika, Nguchiro alikuja na kopo la bati, akalimimina kwenye sufuria, do do do do.

"Mbona hukupima kwa jagi, jirani?" Nyati akauliza.

"Dada, hii ni galoni ya Kimarekani. Galoni moja ni lita nne. Au mpaka nikamwite Mmarekani mwenyewe aje akuhesabie?"

Nyati akacheka. "Haya, we mdogo una maneno. Mimi najua jagi tu."

Lakini Nguchiro alikuwa amepima kwake, mlango umefungwa. Galoni ile ilijaza majagi matatu, na la nne likapungua kikombe kimoja cha chai.

"Kikombe kitu gani kwa Nyati?" alijiambia. "Pipa zima lile, hata halitasikia." Basi kila zamu ya Nyati, kikombe kile alikinywa yeye, gugu gugu, akafuta mdomo.

Siku moja alipeleka maziwa, akakaa kungoja kopo lake. Nyati akapima. Jagi la kwanza la mama mkwe, la pili la mumewe, la tatu lake mwenyewe, maana ndiye aliyefuata maji mbali. Lililobaki akampa mwanawe Chubi, ndama mwembamba, mbavu nje.

Chubi akanywa, akalamba jagi, kisha akachungulia ndani. "Mama, leo tena halikujaa."

"Nisamehe, mwanangu. Mkono wa mama unamwaga." Nyati akamgeukia Nguchiro kwa aibu. "Mkono mkubwa huu, jirani. Sijui unamwagia wapi."

Nguchiro alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Hakuwa amewaza kwamba kuna anayepimiwa mwisho.

Zamu iliyofuata alikuja na galoni, na mkono wa pili kikombe cha chai kimejaa. Nyati akapima. Jagi la nne likafika ukingoni. Akalitazama sana.

"Kumbe ulijua kinachopungua."

"Nilijua, dada. Nilidhani nakupunja wewe."

"Nami nikaugombeza mkono wangu siku zote hizi." Nyati akasuuza kopo, akalikausha kwa upindo wa kanga, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni. "Upatu umekwisha, jirani."

Mvua ziliporudi, Chubi alinenepa. Nguchiro naye sasa hupima kwa jagi, mpaka ukingoni, lakini hana wa kumpimia.

Nami naishia hapo, wanangu: ukimpunja mkubwa, kikombe kinachopungua ni cha mtoto wake.