Mtani Aliyewahi Msiba

Niwagawie?

— Tugawie.

Ina mifupa.

— Tutatafuna.

Ina pilipili.

— Tutalia.

Basi sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Na wewe unayenitazama kama nimekula kuku wako, geuza uso huko.

Hapo kale, wakati mito bado haijapewa majina, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyanzala. Alikaa upande wa huku wa mto. Miaka yake hakuna aliyeijua. Yeye mwenyewe alihesabu hivi: ameona njaa tatu, ameona nzige mara mbili, amezika mume mmoja na inatosha. Meno yalibaki manne, na yote manne yalikuwa kazini.

Asubuhi alilima karanga pembeni mwa nyumba. Mchana alikwenda kisimani na mtungi mdogo, akakaa huko na wanawake wenzake mpaka jua linageuka. Jioni alipika mlenda na ugali wa mtama, akala na yeyote aliyepita. Na kila baada ya siku chache alikuja mtani wake, mzee Kapufi, kutoka ng'ambo ya mto.

Mtani mnamjua, au nianze kuwafundisha? Watu wa huku na watu wa ng'ambo walikuwa watani toka enzi za mababu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anabeba jogoo wako na humshitaki. Siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi, anayeigiza ulivyokuwa ukitembea, anayekusema vibaya mbele ya waliao mpaka wacheke. Na mtani hapigwi, wala hafukuzwi msibani. Ukifanya hivyo, hakuna atakayekuja kukuzika.

Kapufi akifika uani husema, "Bado hujafa wewe? Nimechoka kunoa jembe la kukuchimbia."

Nyanzala hujibu, "Nasubiri wewe utangulie ukanifagilie njia, mzee mwenye magoti kama mafundo ya muwa."

Basi wataanza hapo, watagombana mpaka kuku wanaingia bandani. Kapufi hurudi kwao na kibaba cha karanga alichoiba mbele ya macho ya mwenyewe.

Sasa, Nyanzala alikuwa na mwana mmoja, Mihayo. Sikilizeni vizuri, maana Mihayo hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningewaambia mapema tumchukie tumalize. Baba yake alianguka shambani, jembe mkononi, na Mihayo ndiye aliyemkuta. Tangu siku ile aliogopa. Akimwona mama yake ameinama kwenye karanga, anaacha kazi yake akamtazame. Akichelewa kisimani, anatoka kumtafuta. Mwaka mmoja mbuzi wakazaa sana, mizinga ikajaa asali, na Mihayo akasema moyoni mwake, "Mama yangu hatakufa kama baba."

Akaenda shambani, akamshika mkono. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika." Akalichukua jembe, akalichomeka kwenye paa, juu, asikofika. Nyanzala akalitazama jembe. Akamtazama mwanawe, akaona machozi yako karibu. Akasema, "Haya, mwanangu." Baada ya siku chache vidole vyake vikaanza kukakamaa.

Akaenda jikoni. "Mama, mlenda ni chakula cha shida. Na kisimani atakwenda Kalunde. Pumzika." Kalunde ndiye mkewe Mihayo. Basi asubuhi nyama ya mafuta, mchana nyama ya mafuta, jioni asali, tena analetewa kitandani, anakula peke yake. Nyanzala akasema, "Haya, mwanangu." Mwili ukanenepa, miguu ikavimba.

Mara ya tatu akaenda mlangoni. Siku hiyo Kapufi amefika uani, ameshasema maneno yake, "Bado hujafa wewe?" Mihayo akashtuka kana kwamba kamwagiwa maji.

"Mzee Kapufi, mama yangu si wa kutaniwa tena. Kumtajia kifo mtu mzima kama huyu ni kumwitia. Rudi kwenu."

"Unanifukuza, mtani?"

"Nakuomba, mzee wangu."

Kapufi aliutazama mlango, akageuka. Waliomwona akivuka mto walisema hawajapata kumwona amenyamaza. Mihayo akafunga mlango. Akamwambia mama yake, "Pumzika." Safari hii Nyanzala hakusema, "Haya, mwanangu."

Mnatikisa vichwa, siyo? Mnamsikitikia. Nyinyi nyote hapa mna wazee nyumbani mmewanyang'anya ufagio, halafu mnajiita watoto wema. Haya, tuendelee.

Nyanzala akalala. Wiki ya kwanza hakuulizia karanga zake. Wiki ya pili alimwita Kalunde kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Wiki ya tatu aligeukia ukutani, akafunga mdomo. Mihayo akawa anamlisha kwa kijiko cha mti. "Mama, meza." Asali ikateremka shavuni. "Mama, nakuomba, meza." Hamezi.

Akaja mganga wa kwanza na mizizi. Akaja wa pili na mvuke. Akaja wa tatu, mwanamke mkavu asiyependa maneno. Akamshika Nyanzala kifundo cha mkono, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akasema, "Hana ugonjwa. Anaondoka tu. Akifika siku ya tatu kutoka leo, ni bahati." Mihayo akatoka, akatapika nyuma ya nyumba.

Kalunde akamwambia, "Baba watoto, tufungue mlango."

"Upepo utamuua."

"Basi nikamwite mzee Kapufi."

"Ukauite msiba wenyewe? Nyamaza, Kalunde."

Siku ya pili Kalunde akabeba mtungi, akasema anakwenda kisimani. Akakipita kisima. Akavuka mto, akamkuta Kapufi amekaa kwao mikono magotini. Akamwambia, "Mtani wako anakufa, na ana mwezi mzima hajatukanwa."

Siku ya tatu ikafika. Jua lilikuwa katikati, na ndani Nyanzala alikuwa anapumua kwa vipande: anavuta, anakaa, unasema basi, halafu anavuta tena. Mihayo anahesabu kila pumzi. Ndipo akasikia kilio kinatoka mtoni.

"Nyanzala amekufa, jamani. Nyanzala mvivu amekufa."

Ni Kapufi huyo, kajipaka majivu usoni, ana furushi mgongoni, na nyuma yake watani kumi na wawili na majembe yao ya kuchimbia. Majirani wakatoka. Mihayo akasimama mlangoni na rungu.

"Mama yangu yu hai."

"Wasema wewe," Kapufi akajibu. "Mwezi mzima hajaonekana kisimani. Hajasikika akigomba. Sisi kwetu mtu wa namna hiyo tunamzika."

"Mzee, piga hatua moja nikupasue."

Kapufi akapiga hatua. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, mpaka rungu likawa juu ya upara wake.

"Nipige," akasema. "Lakini ukinipiga, leo jioni mama yako hana wa kumzika. Na wewe siku yako huna pia."

Rungu halikushuka. Lakini Mihayo hakuondoka mlangoni. "Ndani huingii."

"Nani anataka ndani? Kazi yangu iko uani."

Kapufi akanyoosha mkono kwenye paa, akalichomoa jembe. "Jembe la marehemu ni langu." Akaingia kwenye karanga, chini ya ukuta ule ule ambao Nyanzala ameugeukia. "Marehemu alikuwa analima hivi." Akainama akitikisa makalio, akang'oa karanga, akaacha magugu. Anang'oa, anarusha. Watu hawakujua wacheke au walie. Akasimama, akatega sikio. Ndani kimya.

Akaenda jikoni kwa Kalunde, akatoka na chungu. "Marehemu alikuwa anapika hivi." Akatia maji, akatia udongo, akakoroga kwa mkono mzima. "Amewalisha wageni tope miaka yote, na mlikuwa mnaona haya kusema." Akatega sikio. Ndani kitanda kililia mara moja, kikanyamaza.

Mihayo machozi yanamtoka. "Acha, mzee wangu. Unammaliza."

Kapufi hakuacha, lakini jasho lilikuwa limechora njia kwenye majivu. Akarudi ukutani. Akapaza sauti mara ya tatu.

"Na marehemu alikuwa mwongo. Alisema mimi nitatangulia. Mbele ya watu alisema. Leo ametoroka, hata kuniaga hakuniaga." Hapo sauti ikamkatika. Alikuwa anataka kuendelea kutania na hakuweza. Akaweka paji la uso ukutani. "Hata kuniaga, Nyanzala."

Mihayo akaitegea sikio pumzi ya ndani, hakuisikia. Akahesabu moja. Akahesabu mbili. Akahesabu tatu.

"Nani huyo anang'oa karanga zangu?"

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, lakini ilikuwa na hasira ndani yake. Rungu likamdondoka Mihayo. Akageuka, akamwona mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, nywele zimesimama.

"Mama, lala, utaanguka."

"Nimeuliza, nani anang'oa karanga zangu?"

Akasimama. Akapiga hatua moja. Ya pili ikamshinda, akaanguka chini puu. Mihayo akaruka kumwinua, na Kapufi, aliyekwisha kufika mlangoni, akasema, "Usimguse."

"Ni mama yangu."

"Najua. Usimguse."

Sasa mtazameni Mihayo. Mikono yake iko hewani, kiganja kimoja tu kutoka bega la mama yake. Anamwona mama, na anamwona baba yake vile vile, kalala kifudifudi kwenye udongo. Kila kiungo chake kinamwambia mwinue. Akaichukua mikono yake, akaibana makwapani, akalia kwa sauti kama mtoto. Hakumgusa.

Nyanzala akatambaa. Akapumzika. Akatambaa tena. Akaufikia mwimo wa mlango, akaushika, akapanda nao kidogo kidogo mpaka akasimama. Jua likampiga, akafumba macho. Akaenda kwa kushika ukuta mpaka shambani, akalishika jembe mpini. Kapufi akamfuata, akalishika upande wa pili. Wakavutana.

"Hivyo ndivyo ninavyolima mimi?" Nyanzala akasema. "Wewe unalima kama unakuna upele."

Kapufi akaliachia jembe. Ndipo Nyanzala akaliona furushi mgongoni.

"Umebeba nini?"

"Si kitu."

"Fungua."

Akalifungua. Ilikuwa sanda. Nyeupe, mpya, sanda ya kweli, wala si ya mchezo. Mihayo akaelewa kwamba mzee huyu hakuwa na hakika yoyote alipovuka mto.

"Sikujua kama utaamka," Kapufi akasema. "Nilikuja kwa lolote litakalokuwa."

Nyanzala akaichukua, akaikunjua, akajipima kifuani, akajizungushia kiunoni. Pindo hazikukutana. "Haizunguki," akasema. "Mwanangu kaninenepesha. Rudi kwenu ukalete nyingine."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kalunde, halafu watani, halafu majirani. Kapufi alicheka mpaka akakaa chini kwenye karanga alizoziharibu.

Mihayo akapiga magoti. "Mama, nilikupa nyama, nilikupa asali, nilikupa kivuli. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea kunipenda," akamjibu. "Ulininyima kazi ya kufanya. Ukaninyima wa kula naye. Halafu ukaninyima wa kugombana naye. Nikajiuliza, naamka kwa ajili gani? Sikupata jibu, nikalala."

Tangu siku hiyo jembe likarudi chini. Alilima kidogo, akapumzika, akalima kidogo. Mihayo alikuwa akimtazama kwa mbali roho ikiwa juu, anajikaza, haendi. Mlenda ukarudi, na walaji wake wakarudi. Miguu ikanywea. Na kila mavuno Kapufi alivuka mto na sanda mpya, kwa sababu alikuwa ameambiwa alete nyingine na mtani akitumwa hakatai. Moja Nyanzala akasema ni fupi. Moja akasema inawasha. Moja akasema rangi yake inamfanya aonekane mzee. Alizikataa tisa. Akazitumia kuanikia karanga na kuwabebea wajukuu mgongoni.

Ya kumi Kapufi aliileta msibani, akitembea kwa fimbo mbili. Akaikunjua mbele ya watu wote, akaishika kwa pindo, akasubiri kidogo.

Hakuna aliyesema ni fupi.

Nami hadithi naitua hapa hapa. Mwenye mabega aibebe, asiye na mabega aivuke aende. Mimi naamka, nakwenda kwangu kwa miguu yangu, na asinishike mtu mkono.