Vibuyu Ishirini na Viwili vya Bi Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni miguu, moto una nafasi ya wote. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakinunua katika soko moja, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mwanamvua binti Sempombe. Wengine wakisimulia humwita Mwanamvita. Wanakosea. Jina lake ni Mwanamvua, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua wasiojua kuandika.

Aliandika barua za posa, barua za msiba, barua za kuulizia mbuzi waliopotea. Kila barua alilipwa vijiko vitano vya asali. Lakini mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Barua zikarudi. Mteja wa kwanza alisema, "Haisomeki." Wa pili alisema, "Haisomeki." Wa tatu hakuja tena.

Bi Mwanamvua akawa anaukanda mkono wake akiimba:

*Mkono wangu, tulia,*
*barua za watu zangoja.*

Mkono haukutulia.

Akasikia kwamba katika soko la Kwamtunda kuna kompyuta ya kupakata, ile ambayo wengine huiita laptopu. Unaiweka mapajani, unagusa herufi, herufi inatokea imenyooka, hata kama kidole kinatetemeka. Ikichoka unaianika juani, inashiba. Akasema, "Nikikosa hiyo, kazi yangu imekwisha." Akatoa akiba yake yote ya miaka minne, vibuyu ishirini na viwili vya asali, akavipanga katika mkokoteni, akaenda.

Muuzaji alikuwa Kicheche, mwenye kibanda karibu na lango.

"Karibu, mama yangu! Karibu mrembo! Hii hapa, vibuyu ishirini tu."

Bi Mwanamvua akafurahi. "Basi nina viwili vya kurudi navyo."

"Ngoja kwanza," alisema Kicheche, akakuna shingo. "Kuna ushuru wa soko. Kimoja kwa kila vitano. Yaani vinne, unampa Korongo pale langoni unapotoka."

Ushuru vibuyu vinne, na Bi Mwanamvua angebakiwa na viwili tu. Akaketi juu ya mkokoteni.

Kicheche akainama, akanong'ona. "Mama, mbona unajitesa? Mimi nakuuzia bila stakabadhi, bila muhuri. Unapita nyuma ya kibanda, ua una tundu. Soko zima hupita pale. Korongo ana shingo ndefu lakini haoni nyuma."

Bi Mwanamvua alitazama lile tundu. Lilikuwa limelainika pembeni kwa migongo ya watu. Akaukanda mkono wake. Akaimba kwa sauti ndogo:

*Mkono wangu, tulia,*
*barua za watu zangoja.*

Kabla hajajibu, Digidigi akaja mbio, kompyuta kwapani.

"Kicheche! Imezimika! Nimeinunua juzi tu!"

"Stakabadhi iko wapi?"

"Si uliniuzia bila stakabadhi?"

"Nani? Mimi? Bila muhuri sikujui wewe wala babu yako."

"Kicheche, jamani! Tuliongea hapa hapa, ukaniita mrembo!"

"Huwaita wote warembo. Ni adabu."

Bi Mwanamvua akaliacha lile tundu. Digidigi, huku akifuta machozi, akamwambia, "Bibi, ningejua ningevuka mto. Soko la ng'ambo halina ushuru hata kidogo."

Bi Mwanamvua akavuta mkokoteni hadi mtoni. Hapo akamkuta Ngiri anatoka ng'ambo, amebeba cherehani mpya, amenuna.

"Mwanangu, ni kweli ng'ambo hakuna ushuru?"

"Shikamoo, bibi. Kweli kabisa, hakuna."

"Marahaba. Sasa mbona umenuna?"

"Nimelipa nauli ya mtumbwi kwenda. Nimelipa nauli kurudi. Kisha Kiboko akanizuia hapa ukingoni. 'Umenunua ng'ambo, utatumia huku?' Nikasema ndiyo. 'Basi lipa ushuru wa huku.' Kimoja kwa vitano, bibi! Ule ule!"

Bi Mwanamvua akageuza mkokoteni. Jua lilikuwa bado juu. Njia nzima alikuwa akiimba:

*Mkono wangu, tulia,*
*barua za watu zangoja.*

Ngiri akamwonea huruma, akamsaidia kusukuma. Walipofika Kwamtunda, Bi Mwanamvua hakwenda kibandani, wala hakwenda kwenye tundu. Alikwenda moja kwa moja langoni, akasimama mbele ya Korongo. Soko zima likageuka kutazama. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akimwendea Korongo kwa hiari.

"Korongo," alisema, "ushuru wako siumudu. Je, kuna njia ya halali ya kuupunguza?"

Korongo akashusha shingo taratibu. "Unasema?"

"Njia ya kuupunguza. Ya halali."

"Nina miaka saba katika lango hili," alisema Korongo. "Nimetukanwa, nimerushiwa maganda ya ndizi, nimekimbiwa. Hilo sijawahi kuulizwa." Akakohoa, akasimama wima. "Ipo. Fundi akinunua chombo cha kazi yake mwenyewe hulipa nusu ushuru. Ila asimamishe mashahidi watatu aliowafanyia kazi hiyo, kila mmoja aje hapa langoni ataje jina lake kamili."

Nusu ya vinne ni viwili. Bi Mwanamvua akageuka, akawatazama watu wa sokoni. Wengi aliwahi kuwaandikia. Lakini kila mmoja alikuwa na kitu kikapuni cha kupitisha kwenye tundu, na kila mmoja akatazama chini.

Ngiri peke yake hakuwa na hofu. "Mimi ni Ngiri wa Ngiri wa Mabondeni. Aliniandikia barua ya msiba wa baba."

"Mmoja," alisema Korongo.

 Kisha Digidigi akajitokeza, kompyuta mbovu bado kwapani. "Digidigi binti Digidigi wa Kichakani. Aliniandikia barua ya kukataa posa. Aliikataa vizuri mno, mpaka yule bwana akanishukuru."

"Wawili. Na hicho cha kwapani utanieleza kesho."

Wa tatu hakuna. Bi Mwanamvua akasubiri. Akaubana mkono wake kwapani usionekane.

"Ah!" Sauti ilitoka kibandani. "Kicheche wa Kicheche wa Mashimoni! Aliniandikia barua ya kumwomba radhi mama mkwe!"

"Ikapokelewa?" aliuliza Korongo.

"Mke wangu si yupo nyumbani? Hujawahi kumsikia?"

Soko zima likacheka. Hata Korongo aligongagonga mdomo. "Watatu," alisema.

Kicheche akauza kwa vibuyu ishirini, na safari hii akaandika stakabadhi. Korongo akapokea viwili, akagonga muhuri. Bi Mwanamvua akarudi nyumbani bila kibuyu hata kimoja, ameketi mkokotenini na kompyuta mapajani, Ngiri akimsukuma, na jioni ile alikunywa uji bila asali. Aliuona mtamu.

Asubuhi ya tatu mtu akabisha hodi. Alikuwa Korongo, amefunga lango lake kwa muda.

"Nataka kumwandikia mama yangu. Hajui niko wapi. Barua ni kiasi gani?"

"Vijiko vitano vya asali."

Korongo akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili. Akatazama kulia na kushoto, kisha akauliza polepole, "Hakuna njia ya kupunguza?"

Bi Mwanamvua alicheka mpaka kompyuta ikataka kuanguka. "Barua ya mama huwa naandika bure. Keti, mwanangu."

Korongo hakujua kuketi. Akasimama pale pale kwa mguu mmoja, akaanza kusema, na herufi zikatokea zimenyooka.

Hivyo ndivyo nilivyosikia mimi, na hapo ndipo hadithi yangu inapoishia.