Bunduki ya Utambi na Punda Johari

Hapo zamani, zamani zile ambazo mtu alikuwa akiipa bunduki yake jina kama mtoto na kuilaza ubavuni kama mke, palikuwa na mji wa bara ulioitwa Kisarini. Humo aliishi mjane mmoja, jina lake Bi Tunza, mfinyanzi. Vyungu vyake vilisifiwa, lakini punda wake alisifiwa zaidi. Punda huyo aliitwa Johari. Alikuwa mweupe pe, wa mbegu ya Maskati, na mwendo wake ulikuwa laini hata ungempakia vyungu ishirini na tenga la mayai juu yake, ukafika sokoni bila ufa hata mmoja.

Marehemu mume wa Bi Tunza alimwachia vitu viwili tu: punda huyo, na nyumba kuukuu yenye ghala lililoinama upande.

Basi, siku tisa kabla ya harusi ya bintiye Mwanahija, Bi Tunza alishika jembe akaanza kubomoa ukuta wa ghala, wageni wapate pa kukaa. Pigo la kwanza, udongo. Pigo la pili, udongo. Pigo la tatu, ngwa! Chuma. Akachokoa kwa mikono, likatoka furushi la ngozi ya ng'ombe lililopakwa nta kila upande, refu kumshinda yeye mwenyewe. Akalifungua. Ndani mlikuwa na bunduki.

"Mama," akasema Mwanahija, "hii ni ya nani?"

"Itakuwa ya babu yako, baba mkwe wangu. Yule mzee alificha kila kitu, hata meno yake."

Habari ikazagaa, watu wakaja kutazama. Kisarini watu walizijua bunduki za gumegume, zile za kugonga jiwe zikatoa cheche. Hii haikuwa na mahali pa jiwe. Ilikuwa na mkono wa chuma uliojikunja kama shingo ya korongo, na ncha yake imepasuka katikati. Kwenye mtutu palikuwa na pete pana ya fedha yenye maandishi. Mmoja akasema imevunjika. Mwingine akasema si bunduki kabisa, ni kiko cha majitu.

Miongoni mwao alikuwapo mchuuzi wa nguo, Bwana Makame. Akaishika, akaigeuza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bi mkubwa, pole. Hiki ni chuma chakavu, mtambo wake umekufa. Lakini kwa kuwa una harusi, nitakupa kaniki mbili nikupunguzie takataka."

Bi Tunza alikuwa karibu kukubali. Kaniki mbili ni kaniki mbili, na harusi haina huruma. Lakini akaitazama mikono ya Makame. Mdomo ulisema takataka, huku kidole gumba kinaipapasa ile bunduki polepole kama anayebembeleza mtoto alale.

"Nipe takataka yangu," akasema Bi Tunza, akaichukua.

Usiku huo aliwaza. Hakuwa na mali ya kumlipa mjuzi. Asubuhi akamwita mpiga mbiu, na mbiu ikapigwa mji mzima: "Atakayemwezesha Bi Tunza kuijua bunduki yake na kuiuza kwa haki yake, punda Johari ni wake!"

Mwanahija akashika kichwa. "Mama! Johari? Vyungu vitabebwa na nani?"

"Na mimi, kama nimekosea. Nenda ukasuke nywele."

Wa kwanza kuja alikuwa Mgaza, mfua chuma, rafiki wa marehemu. Alipofika alimkuta Bi Tunza jikoni. Mdomo wa bunduki ulikuwa umezibwa na nta iliyoganda, na Bi Tunza alikuwa amepata njia ya kuitoa: amechochea makaa, na sasa anainamisha mtutu juu yake ili nta iyeyuke. Mwanahija amechuchumaa mbele, ameshika bakuli la kuikingia.

"Toa!" Mgaza akapiga ukelele. "Shemeji, toa motoni! Mwali, ondoka hapo mbele!"

Bi Tunza akaivuta nyuma. "Kuna nini?"

Mgaza akaipokea. Akaikwangua nta kwa kijiti, akachukua mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akautumbukiza mdomoni hadi ukagota. Akaweka alama kwa kidole. Akautoa, akaupima kwa nje ya mtutu. Haukufika mwisho. Ulipungua shibiri nzima.

"Tumboni mna kitu," akasema.

Akamimina maji, akasubiri, akachokoa kwa msumari uliopinda. Kikatoka kitambaa, ikatoka risasi kubwa kama tunda la mkunazi, kisha ikatoka baruti. Ya juu ililowa, lakini ya chini kabisa ilikuwa kavu kama imetiwa jana. Mgaza akachota kidogo kwa ncha ya kisu, akaitupia makaa. Fuu! Nusu ya nyusi zake ikaenda na moshi.

Mwanahija akacheka hadi akakaa chini. Kisha akalitazama lile bakuli, akatazama pale alipokuwa amechuchumaa, kicheko kikaisha.

"Je, ni bunduki gani?" akauliza Bi Tunza.

"Hapo shemeji umenishinda. Sijapata kuiona."

Wa pili alikuwa Nyamizi, mwanamke muuza asali aliyetoka magharibi, mbali sana. Alikuja kuuza asali ya harusi tu, hata mbiu hakuisikia vizuri. Alipoiona bunduki imeegemezwa ukutani, akatua mtungi wake.

"Dada, huyu mzee mmempata wapi?"

"Mzee gani?"

"Huyu hapa. Hii ni bunduki ya utambi! Bibi yangu alikuwa mpagazi, alisafiri na watu wenye hizi."

"Wanasema mtambo wake umekufa."

"Waliosema hivyo hawajui walitazamalo. Nipe uzi wa pamba."

Akausokota uzi, akauwasha, ukawa unafuka taratibu. Akaubana kwenye ule mpasuko wa shingo ya korongo. Akavuta kifyatulio kilicho chini, na shingo ikainama kwa adabu, ikaweka moto penye kisahani kidogo cha baruti, kitupu. Akaachia, shingo ikainuka. Akavuta, ikainama. Watu wakapiga vigelegele.

"Haijavunjika popote," akasema Nyamizi. "Ilizaliwa kabla gumegume haijafikiriwa. Wenzake wote wamefuliwa majembe."

Siku hiyo hiyo Bwana Makame alirudi na kaniki tano. Bi Tunza akamkaribisha maji. Akarudi jioni na kaniki kumi. Bi Tunza akamkaribisha uji.

Kisha mwalimu wa chuo akaombwa asome maandishi ya ile pete ya fedha. Akaipangusa, akasoma: "Silaha ya Sultani." Mji ukalipuka. Bunduki ya Sultani, katika ghala la mfinyanzi! Habari zikafika kwa Mtemi wa nchi jirani, ambaye barazani kwake alitundika silaha za kale kama wengine wanavyotundika vitunguu. Akamtuma mjumbe wake, Bwana Kapere, kusema: "Ikiwa kweli ni ya Sultani, ng'ombe kumi. Mjumbe wangu atakuja kuichukua siku ya harusi."

Ng'ombe kumi! Bi Tunza hakulala. Alimwona kila ng'ombe kwa rangi yake.

Wa tatu alikuwa Vuai, sonara kutoka pwani, aliyeitwa kutengeneza bangili za bibi harusi. Siku moja kabla ya harusi alimaliza kazi, akaomba kuiona hiyo bunduki inayovuma. Akaiangalia ile pete. Akaisogeza kwenye mwanga. Rangi ikambadilika.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie mwali atoke kidogo."

Mwanahija akatoka.

"Bunduki ni ya kale. Pete si ya kale. Tazama chini yake, chuma hakina kutu ile ile. Iliongezwa baadaye. Na haya maandishi ni ya uongo."

"Umejuaje?"

Vuai akasogea karibu. Akageuza pete, akaonyesha nukta tatu ndogo chini ya herufi ya mwisho. "Kila fundi ana alama yake. Hii ni ya baba yangu. Alikuwa na mkono wa dhahabu, bibi, na njaa iliwahi kumpitisha njia mbaya. Sijapata kumwambia mtu. Huko kwetu anasomewa dua kama fundi mwaminifu."

Bi Tunza akakaa juu ya kinu. Aliwaona ng'ombe wanatoka zizini mmoja mmoja.

"Mbona umeniambia?"

"Kwa sababu umeniamini na fedha ya mwanao. Useme au usiseme, ni juu yako. Mimi nimeutua mzigo."

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zikalia, pilau ikapakuliwa, na Bwana Kapere akaja na watu wanaoswaga ng'ombe kumi kweli kweli, wanono. Bi Tunza akawatazama. Akatazama bintiye. 

"Bwana Kapere," akasema, "bunduki ni ya utambi, nzima, ya kale. Lakini si ya Sultani. Pete ni ya kughushi. Tazama hizi nukta tatu."

Ngoma ikanyamaza. Bwana Kapere akainama, akaziona nukta. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi kilemba kikalegea.

"Mama, Mtemi ana bunduki mbili za Sultani zenye nukta hizo hizo. Zimetundikwa juu ya banda la mbuzi! Ningeziona nukta hizi nawe umeapa kuwa ni ya Sultani, ningeondoka na ng'ombe wote, na jina lako lingebaki bandani na hizo mbili. Sasa ondoa hiyo pete, mvalishe mtu kidoleni ikimtosha. Bunduki ya utambi yenye mtambo mzima, Mtemi hana hata moja. Ng'ombe sita, na magunia mawili ya chumvi."

Wakapeana mikono. Vigelegele vikapasua anga, na Bi Tunza akacheza ngoma ya bintiye mpaka goti likamwomba msamaha.

Alipokaa kupumua, aliwakuta wanamngojea penye kigingi cha Johari.

Mgaza akaanza, na unyusi wake mmoja. "Shemeji, mbiu ilisema atakayekuwezesha. Maiti hawezeshwi. Bila mimi, leo mngekuwa matanga, na bunduki imepasuka vipande. Nipe kamba."

Nyamizi akasema, "Dada, mbiu ilisema kuijua. Huyu aliitoa baruti, hakuijua. Sonara aliijua pete, hakuijua bunduki. Mtemi amelipia utambi, na utambi niliuleta mimi. Nipe kamba."

Vuai akasimama. Alikuwa amekwisha kukiri mbele ya watu wote kwamba nukta zile ni za baba yake. "Bibi, mbiu ilisema kuiuza kwa haki yake. Bila neno langu ungetaka kuiuza kwa uongo, na usingeiuza kabisa. Hawa walitoa ujuzi wao, na ujuzi wao bado wanao. Mimi nilitoa jina la baba yangu, na halitanirudia. Nipe kamba."

Mara akajipenyeza Bwana Makame, amebeba kaniki zake kumi begani. "Jamani, na mimi! Kama si kidole changu kuipapasa, Bi mkubwa angeshuku nini? Mimi ndiye mwanzo wa yote!"

Watu wakacheka hadi wengine wakashikana mabega. Lakini wazee wawili watatu hawakucheka. Walikunja nyuso na kunong'ona kwamba, ukilipima neno lenyewe, mchuuzi hakusema uongo.

Johari akalia mara moja, akaendelea kula majani. Bi Tunza akafungua kamba kigingini, akaishika mkononi, akawatazama mmoja mmoja. Wote wanne walikuwa wamenyoosha mikono, na punda hakatwi vipande.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, kamba ndiyo hiyo, naiweka mikononi mwenu. Aliyeokoa roho, aliyeitambua bunduki, aliyeivua uongo, au aliyejisaliti kwa kidole chake: je, nani alistahili kuondoka na Johari?