Mbeleko ya Somoe

Hapo zamani, enzi ambazo kinu cha mwanamke kilirithiwa kama shamba, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa ufuta. Ufuta ulitiwa kwenye mboga, kwenye uji, kwenye taa, na kwenye ngozi za maharusi. Mgeni akienda huko, alikinusa kijiji kabla ya kukiona.

Hapo aliishi mkulima aitwaye Mkwanda na mkewe Somoe. Somoe alikuwa na mazoea yake. Kila alipomaliza kutwanga, alikifudikiza kinu, mdomo chini, kisha akaulaza mchi juu yake. Wanawake wenzake walimcheka.

"Wifi, kinu hakilali," Mwanaidi, dada yake Mkwanda, alimwambia.

"Changu kinalala," Somoe alijibu. "Kinatwangwa kutwa nzima, kwa nini kisichoke?"

Somoe akafa siku aliyojifungua. Akaacha mtoto wa kiume.

Katika kijiji kile mtoto hakupewa jina mpaka ale chakula cha nyumbani na chakula kimkubali. Na mama yake akiwa amekufa, mbeleko ya mama ilitundikwa ukutani, haikuguswa. Mtoto akishakula salama, baba aliishusha na kumpa mwanamke aliyemfikisha kwenye chakula. Mwanamke huyo ndiye aliyembeba mtoto, na ndiye aliyeitwa mama. Wengine wote walirudi makwao, wakawa wageni wa kumjulia hali mtoto kutoka kizingitini.

Waliokuja kumlea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bi Nambunga, mama mzazi wa Somoe, ambaye hakuwa na mtoto mwingine duniani. Wa pili ni Mwanaidi, ambaye alikuwa amezika watoto wake wote kabla hawajaota meno. Mmoja alikamua mbuzi, mwingine alichemsha maziwa, kisha wakagombea nani ashike kikombe. Mkwanda aliwasikia akiwa uani. Aliingia akaitazama mbeleko ukutani, akaenda shambani.

Siku ya chakula ikafika. Desturi yao ilikuwa chungu cha ukoo. Kila mwanamke alileta konzi yake: huyu uwele, huyu karanga, huyu kunde, huyu ndizi zilizokaushwa, huyu ufuta. Vyote vilipikwa pamoja, ili mtoto akiugua asiwepo wa kunyooshewa kidole. Uwele ulitwangwa na Bi Nambunga katika kinu cha Somoe.

Mtoto akalamba. Akatabasamu. Kisha midomo yake ikaanza kuvimba, macho yakafumba, kifua kikalia kama filimbi. Walipomvua nguo waliona mabaka mekundu mgongoni, marefu, yaliyoinuka, yamepangana kama vidole vya mkono uliofunguliwa.

"Ni mama yake," mwanamke mmoja alisema. "Anamshika."

Hakuna aliyemkatalia. Mtoto alipumua kwa shida mpaka jua lilipoegemea magharibi, kisha uvimbe ukashuka. Hakuna mtu aliyelaumiwa, kama desturi ilivyotaka. Lakini pia hakuna chakula kilichoweza kulaumiwa, kwa kuwa vyote vilikuwa katika chungu kimoja.

Asubuhi iliyofuata kinu kilikutwa kimefudikizwa, na mchi umelazwa juu.

"Nilikiacha wima," alisema Bi Nambunga. "Kilikuwa na pumba za kuku."

"Mimi sijakigusa," alisema Mwanaidi.

Pumba zilikuwa sakafuni, zimefagiliwa pembeni. Mkwanda akakiinua kinu.

Bi Nambunga akawaita wanawake wa ukoo. "Tulimlisha kila kitu kwa pamoja, sasa tumuulize nani? Tuanze na kimoja. Kimoja tu, kidogo, kisha tusubiri na tumtazame. Kikimkubali, tuongeze kingine."

"Kwa hiyo karanga zangu ni sumu?" mmoja aliuliza.

"Sijasema sumu, mwenzangu. Nimesema zisubiri zamu."

"Karanga kupanga foleni! Haya, tutaona mengi."

Wakaondoka wamenuna. Bi Nambunga hakuwafuata. Akamponda mtoto ndizi kwa mkono, akampa, akangoja. Ndizi ikamkubali. Akachemsha kunde, akampa, akangoja. Kunde zikamkubali. Akasaga karanga kwenye jiwe, akampa tone, akangoja. Karanga zikamkubali. Akatwanga uwele katika kinu cha Somoe, akapika uji mweupe usio na kitu, akampa.

Midomo ikavimba. Mabaka yakapanda mgongoni, yale yale, kama vidole.

Alimwacha akapona kabisa, akajaribu uwele tena, kwa ncha ya kijiko. Mabaka yakapanda tena. Na kila mara, asubuhi, kinu kilikutwa kimefudikizwa. Mkwanda akakiinua.

"Ni uwele, mwanangu," Bi Nambunga alimwambia. "Asiuguse maisha yake yote."

"Mama, mvua zikikosa hapa tunakula nini?"

Mvua zikikosa, kijiji kizima kilikula uwele na uwele tu.

"Si uwele," alisema Mwanaidi kutoka mlangoni. "Kila siku anayougua, kinu hiki kimetumika. Siku isiyo na kinu, haugui. Somoe hajaondoka, Mkwanda. Yumo humo. Kichome."

"Sikichomi."

"Kwa sababu ni chake?"

"Kwa sababu ni chake."

Mkwanda hakueleza zaidi, ingawa alikuwa na la kueleza. Kama ni uwele, basi Somoe alikuwa amekwenda kabisa, na mabaka yale yalikuwa mabaka tu. Kama ni kinu, basi alikuwa bado ndani ya nyumba, hata kama mkono wake ulimuumiza mtoto. Mkwanda alijua angependa kipi kiwe kweli, na jambo hilo lilimtia aibu.

Mwanaidi akaenda kwake. Alirudi amejitwika kinu kipya, mti wake bado mweupe, hakijawahi kutwanga chochote. Wanawake waliokuwa kisimani wakapiga vigelegele vya mzaha.

"Mwanaidi, unahama au unaolewa?"

"Naolewa na kinu hiki. Afadhali chenyewe, hakikoromi kama waume zenu!"

Akatwanga uwele humo, uwele ule ule wa ghala lile lile. Akapika uji, akampa mtoto. Mtoto akala, akalala, akaamka akicheza na vidole vya miguu. Bi Nambunga alimgeuza huku na huku akiitazama ngozi yake. Ilikuwa safi.

"Umeona?" alisema Mwanaidi.

"Nimeona. Sijaelewa, lakini nimeona."

Basi ukoo ukaalikwa kuja kumpa mtoto jina. Asubuhi ya siku hiyo kinu cha Somoe kilikutwa kimefudikizwa tena. Mkwanda akasimama mbele yake kwa muda mrefu. Safari hii hakukiinua.

Mwanaidi akapika uji wa jina. Uji wa jina hauliwi bila mafuta ya ufuta, kwa hiyo akayamimina mpaka ukang'aa. Akaliweka bakuli juu ya kile kinu kilichofudikizwa jikoni, akatoka kuwakaribisha watu. Bi Nambunga alikuwa uani na mtoto. Mkwanda alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mgongo wake ukiwa umeuziba mlango, na jiko lile halikuwa na mlango mwingine.

Nyuma yake akasikia bakuli likiwekwa chini. Halikuanguka. Liliwekwa.

Akageuka. Bakuli lilikuwa sakafuni, mdomo chini, limekaa sawasawa, kama Somoe alivyokuwa akiyafudikiza mabakuli yaliyooshwa. Uji ulikuwa umetandaa kulizunguka. Jiko lilikuwa tupu.

Mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Aliponyoka kwa bibi yake, akapita kati ya miguu ya Mkwanda, akaweka kiganja kwenye uji. Kiganja kikawa chekundu pale pale. Kikavimba. Alikuwa akikipeleka mdomoni Bi Nambunga alipomdaka mkono.

"Maji!"

Akamwosha, akamwosha tena. Mwili haukuwa na baka, kifua hakikulia. Ni kiganja tu kilichovimba. Bi Nambunga akakitazama, akautazama uji.

"Uwele wa jana ulimkubali. Kinu cha jana kilimkubali. Leo umeongeza nini, Mwanaidi?"

"Mafuta tu. Mafuta ya ufuta."

Bi Nambunga akapiga magoti, akakilaza kinu cha Somoe, akaingiza kichwa ndani na kunusa. Alipotoka, macho yake yalikuwa na machozi. Kinu kile kilikuwa kimetwanga ufuta tangu Somoe alipoolewa. Mafuta yalikuwa yamezama ndani ya mti, na kila unga uliopita humo ulitoka nayo.

"Ni ufuta," alisema. "Wakati wote ulikuwa ufuta. Ulikuwa chunguni, ukawa kinuni. Mimi sikuunusa kwa sababu hapa kila kitu kinaunukia."

Ukoo ukakaa uani. Mtoto aliwekwa kwenye mkeka katikati. Mkwanda akaingia ndani, akaishusha mbeleko, akatoka nayo.

Bi Nambunga akasema: "Nilisimama peke yangu nikakataa chungu cha ukoo. Bila mimi mngemlisha vyote mpaka afe, halafu mseme hakuna wa kulaumiwa. Kimoja kimoja, hiyo ilikuwa akili yangu. Na aliyeutaja ufuta ni nani? Ni mimi. Mbeleko niliifuma mwenyewe, nikampa mwanangu. Inirudie."

"Mama, uliutaja leo," Mwanaidi akasema. "Jana ulikuwa unamnyima uwele, na mwaka wa njaa angekufa mikononi mwako, tena kwa akili. Mimi ndiye niliyesema kinu. Nilicheka nikichekwa, nikakibeba kichwani. Nilikosea sababu, sikukosea kitu. Mtoto alikula kwa mkono wangu, akalala mapajani mwangu. Nimezika wangu wote. Mbeleko ije kwangu."

"Kwa mkono huo huo ulimwandalia bakuli la ufuta."

"Na wewe ulimrudishia uji wa kinu kile baada ya kumuona akivimba!"

Mkwanda akasema, kwa sauti ya chini: "Na aliyelifudikiza bakuli?"

Watu wakageuka kulitazama jiko.

"Aliyekifudikiza kinu kila asubuhi," aliendelea, "alitaka tusikitumie. Mimi ndiye niliyekuwa nakiinua. Leo nilikiacha, na yeye akalifudikiza bakuli. Bila yeye, mtoto angeula ule uji wote."

Ami yake akamjibu: "Marehemu hana mgongo wa kubebea, Mkwanda. Mbeleko ikikosa mgongo leo, inazikwa. Na mtoto atalelewa na ukoo, nyumba hadi nyumba. Nyumba zetu unazijua. Ipi haina ufuta?"

Mkwanda alisimama na mbeleko mikononi. Bi Nambunga alikuwa amegeuza mgongo tayari kuipokea. Mwanaidi naye alikuwa amegeuza mgongo tayari kuipokea. Mtoto akashuka mkekani, akampita bibi yake, akampita shangazi yake, akatambaa mpaka kizingiti cha jiko tupu. Hapo akakaa. Akatazama juu, pale uso wa mtu mzima ungekuwa, akacheka, akanyoosha mikono yote miwili ili anyanyuliwe.

Nanyi mnaonisikiliza, Mkwanda bado amesimama uani, na watu wanamngoja. Mmoja alitenga vyakula, mmoja alitenga kinu, mmoja alifudikiza bakuli. Je, mbeleko ile amfunge nani?